Kabla Hujaificha Pedi: Matatizo ya Gemu Nyumbani na Pa Kuanzia

Pedi niliificha kwenye ndoo ya sembe. Nilikuwa nimeshajaribu juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya sufuria la pilau linalotoka Idi kwa Idi, na kote huko ilipatikana kabla chai haijachemka. Ndoo ya unga ilidumu siku tatu. (Ninayoisema ni pedi ya kuchezea gemu. Baba watoto aliwahi kuagizwa "pedi" akarudi na zile nyingine, kazifunga kwenye gazeti, hasemi kitu. Tangu siku hiyo kwetu inatajwa kwa ukamilifu: pedi ya PS.)

Kwetu Tabata, Dar, kuna PlayStation 4 (PS4) moja, TV moja na watoto wawili. Wa kwanza yuko kidato cha pili, kitinda mimba yuko darasa la nne. Kwa miaka mitano sasa mimi ndiye fundi, hakimu na mnunuzi wa bando wa hiyo mashine, na kitu nilichokiona mara nyingi ni kwamba kelele zinatokea huku, ubovu uko kule. Mtoto analia, kumbe tatizo ni namna mechi ilivyopangwa. Mashine inazima, kumbe tatizo ni mapambo yangu ya sebuleni. Kwa hiyo nakwenda kwa dalili, jinsi zinavyojitokeza nikiwa jikoni nasikia ukelele wa "Mamaa!", halafu chanzo, halafu cha kufanya. Naongelea PS4 zaidi kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu na ndiyo iliyojaa mitaani. Mengi yanafaa hata kwa PS5.

Haiwaki kabisa

Angalia uniti kwanza, na usicheke. LUKU yetu, umeme wa kulipia kabla, iliwahi kuisha saa moja jioni, mtoto akakaa robo saa anabonyeza kitufe huku analia kwamba PS imekufa, hajaona kwamba hata friji limenyamaza.

Umeme ukiwepo, shuku waya. PS4 ya kawaida na ile nyembamba zinatumia waya wenye kichwa cha umbo la namba 8, sawa na wa redio nyingi. Chomoa wa redio, uchomeke kwenye PS. Ikiwaka, umemaliza kazi kwa bei ya waya. Isipowaka, toka kwenye ekstensheni, chomeka kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, maana ekstensheni za bei ya chee ndani yake kuna vibati vinavyolegea. Ikikataa hata hapo, pawasaplai imekufa, nayo iko ndani ya mashine. Hiyo ni ya fundi.

Kuna ile ya umeme kukatika katikati ya mechi. Ukirudi, PS itaandika kwamba haikuzimwa vizuri na itaanza kujikagua. Iache imalize, usibonyeze chochote. Ikiganda hapohapo, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi. Chomeka pedi kwa waya, kwa sababu hapo haifanyi kazi bila waya. Itatokea orodha. Namba 5 inapanga upya kumbukumbu za diski bila kufuta magemu wala ulipofikia. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu. Mweleze na mtoto, maana wangu aliona namba 7 ndiyo kubwa, akadhani ndiyo dawa kali.

Umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua mashine kuliko unapokatika. Frijigadi inasaidia, kwa kuwa inasubiri dakika chache umeme utulie ndipo inaruhusu upite. Kama hauna, fundisha nyumba nzima kwamba umeme ukikatika, PS inachomolewa.

Kuhusu matumizi, kwa wale wanaosema gemu linamaliza LUKU: PS4 ikiwa kazini inakula kati ya wati 80 na 150 hivi, kutegemea toleo na gemu. Chukua 150, watoto wacheze saa tatu kila siku, kwa mwezi ni uniti 13 na nusu, TV haijahesabiwa. Kwa aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo, ile inayoishia uniti 75 kwa mwezi, hiyo si namba ya kudharau. Kwa mwenye hita ya maji bafuni, hebu akae kimya.

Inawaka, lakini TV haioni kitu

Mara nyingi ni mtu tu kabadilisha chaneli ya HDMI. Baada ya hapo jaribu waya wa HDMI wa king'amuzi. Kama PS ilichezewa kwenye TV nyingine kubwa ikarudi, huenda inatoa picha ya ukubwa ambao TV yako haiwezi. Ingia kwenye ile orodha ya mlio wa pili, namba 2, ubadilishe.

Chanzo halisi kwa nyumba nyingi za huku kwetu ni TV yenye tundu moja la HDMI. Baba anataka taarifa ya habari saa mbili, anachomoa PS, anachomeka king'amuzi. Saa tatu watoto wanachomoa king'amuzi. Mara mbili kila siku, mwaka mzima, kwa giza, kwa kupapasa nyuma ya TV. Tundu linalegea, vipini vya ndani vinapinda, na kulibadilisha ni kulehemu. Nunua kile kiboksi kidogo cha kugawa HDMI chenye kitufe. Nyaya zote zinakaa mahali pake, mnabonyeza tu, na ugomvi wa saa mbili unapungua kwa sababu hakuna anayepanda kwenye stuli.

Inavuma kama mashine ya kusaga, halafu inaandika ina joto, inazima

Hili lilinisumbua miezi miwili, Januari na Februari, ule wakati wa Dar ambapo hata ukuta unatoa jasho. Nilimlaumu wa kwanza kwamba anacheza kupita kiasi. Nikapunguza muda, ikazima. Nikapunguza tena, ikazima dakika ya ishirini. Nikaibeba kwenye mfuko wa sandarusi mpaka kwa fundi, kijana mmoja ana meza yake nje ya duka la vipodozi.

"Shikamoo mama. Mnaiweka wapi hii?"

"Marahaba. Kwenye kabati la TV, chini."

"Na juu yake mnaweka nini?"

Nikanyamaza, kwa sababu juu yake kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, nimekifuma mwenyewe kwa wiki mbili. Kila kilicho sebuleni kwangu kina kitambaa. PS ilikuwa nacho, na nakitandika vizuri kabisa juu ya matundu ya kutolea hewa.

Kijana akafungua skrubu, akatandaza gazeti, akaigeuza mashine juu chini na kugonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Walitoka mende saba. Mmoja alikuwa hai. "Mama," akasema, "humu kuna wapangaji."

Mende wanapenda joto na giza, na PS4 ina vyote viwili. Ukiiacha kwenye hali ya kulala badala ya kuizima, inabaki na uvuguvugu usiku kucha. Uchafu wao unagandia kwenye feni na kwenye bodi, na unaweza kuleta shoti. Ongeza vumbi la barabara ya ndani isiyo na lami, hewa inashindwa kupita, feni inazunguka kwa hasira, ndiyo ule mvumo. Na kuna ile pesti ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bati la kupozea. PS4 za mwanzo ni za mwaka 2013, na pesti ikikaa miaka hiyo yote inakauka kama udongo. Fundi akaibadilisha, akapuliza vumbi kwa blowa huku amezuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, kwa maelezo kwamba upepo mkali ukiizungusha ovyo unaiharibu. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate. Na tafadhali usipulizie dawa ya mende ndani ya mashine. Weka ile ya jeli kwenye kona za kabati.

Sasa PS yetu inakaa juu ya kabati, nafasi ya kiganja kila upande, haina kitambaa. Inaonekana iko uchi, lakini nimezoea. Walio karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi na kwingineko, wana adui wa ziada: chumvi ya hewani inaotesha kutu kwenye matundu ya HDMI na USB, kwa hiyo wao wanapotoka safari ya wiki kadhaa ndio wenye haki ya kuifunika, ikiwa imechomolewa.

Nabonyeza leo, mchezaji anasikia kesho

Haya ni malalamiko ya baba watoto. Alikuwa anafungwa na kitinda mimba sita bila, na alikuwa na sababu. TV nyingi bapa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji unachukua muda. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya TV, tafuta hali ya gemu, iwashe. Picha itapungua mng'aro kidogo na vitufe vitaitikia papo hapo. Baba watoto sasa anafungwa nne bila.

Tuliinunua na magemu 30, sasa hata moja halifunguki

Ukienda Kariakoo kutafuta PS4 iliyotumika utakutana na mbili zinazofanana sura. Moja safi, tupu, inataka ununue magemu. Nyingine bei inakaribiana, lakini ina magemu 30 ndani. Ya pili imechipiwa, yaani imefanyiwa ujanja icheze magemu yasiyo halali, kama watu wanavyoendelea kusema tangu enzi za PS2, ingawa siku hizi hakuna chipu yoyote. Wamepita kwenye tundu la usalama la toleo fulani la mfumo. Ukiiunganisha na intaneti ikajisasisha, lile tundu linazibwa na magemu yote yanafungwa kufuli. Anayebonyeza "sasisha" ni mtoto, kwa nia njema kabisa. Duka nililonunulia ya kwetu halikunieleza hilo, na niliporudi, kijana akaniambia nimeiharibu mwenyewe.

Ukishapoteza hivyo, kubali, ifute kwa namba 7 na anza upya na diski halali. Diski zilizotumika zinauzwa na kubadilishwa, watoto wanajuana shuleni nani ana ipi. Na kabla ya kununua mashine yoyote ya mkono wa pili, iwashe palepale dukani, ingiza diski, unganisha na simu yako kwa waifai, uone inakubali kuingia mtandaoni. Mashine iliyofungiwa na kampuni haitaingia, na hakuna fundi wa kuifungua.

La ziada: duka la mtandaoni la PlayStation halijafunguliwa rasmi kwa Tanzania, ndiyo maana akaunti nyingi za huku zina nchi ya kigeni. Kadi ya kuongezea salio lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza ni karatasi.

Na katika hayo magemu 30, kagua moja moja. Ya kwetu ilikuja na GTA V, gemu la 2013 lenye alama ya PEGI 18 kwenye kasha lake, yaani si la aliye chini ya miaka 18, lakini kasha hatukupewa. Kitinda mimba akiwa na miaka saba aliniuliza mezani kama na sisi tunaweza kuchukua tu gari la jirani.

Bando limekwisha usiku mmoja

Si mechi iliyolikula. Kucheza mtandaoni kwenyewe kunatumia kidogo, mara nyingi makumi kadhaa ya megabaiti mpaka mia na ushee kwa saa. Kinachomeza bando ni masasisho, ambayo gemu moja la mpira linaweza kutaka gigabaiti nyingi kwa mkupuo, tena usiku mashine ikiwa imelala. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, zima upakuaji wa moja kwa moja. Sasisho la mfumo wa PS unaweza kulishusha ofisini kwenye kompyuta ukalileta kwa flashi. La gemu haliwezekani hivyo, lisubiri bando la usiku.

Kama mechi inakwama-kwama wakati bando lipo, elewa kwamba seva nyingi haziko hapa. Ziko Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika Kusini, na mpira unasafiri chini ya bahari kwenda na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu, Dar nzima iliujua umbali huo. Unachoweza kupunguza ni mita zako za ndani: ruta isikae nyuma ya friji, na PS ipate waya wa mtandao badala ya waifai kama inawezekana.

Ukisema "zima," analia au anajibu vibaya

Hapa ndipo nilipokosea sana, naomba nikae kidogo.

"Zima."

"Mama, bado kidogo."

"Nimesema zima."

"Mama, naomba, nitashushwa!"

Nilichomoa waya ukutani. Wa kwanza akapiga ngumi kochi, akaingia chumbani, hakula. Mimi nikaona ni jeuri, na ndiyo usiku ule pedi ikaingia kwenye unga. Siku ya tatu mjomba wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, akanieleza nilichofanya. Mechi ya mtandaoni haisimami. Ukichomoa, umejitoa, unahesabiwa umefungwa na pointi zinashuka, na kama mnacheza kikundi, wenzako wamebaki pungufu. Nilikuwa nimemnyang'anya mtu sahani tonge likiwa mkononi, halafu nashangaa amenuna.

Chanzo kilikuwa kwamba mimi nahesabu dakika na yeye anahesabu mechi. "Nusu saa" inaisha katikati ya kitu kila mara. Kwa hiyo nilijifunza urefu wa kila gemu kama ninavyojua maharage yanachukua muda gani na mchicha muda gani. Mpira wa nyumbani, wa mtu na mtu, unaweza kupangwa: weka kila kipindi dakika 4, mechi inaisha ndani ya dakika kumi na kitu pamoja na marudio ya magoli wanayoyatazama kwa makusudi. Free Fire ya kwenye simu ina wachezaji 50 na raundi ni kama dakika 10. PUBG Mobile ina 100, na anayekaa mpaka mwisho anaweza kufika nusu saa. Minecraft inajihifadhi yenyewe, kwa hiyo hapo "nitapoteza kila kitu" ni uongo mtupu, lakini nampa dakika tano arudishe mtu wake nyumbani.

Sasa sisemi nusu saa. Nasema mechi mbili. Na simwambii kutoka jikoni. Nakwenda nasimama pale, naangalia skrini, nauliza, "Hii ya ngapi?" Akisema ya pili, nakaa nasubiri iishe. Kilio kimepungua mpaka nikaanza kukishangaa kinapotokea.

PS ina njia ya kumfungulia mtoto akaunti chini ya yako, ukaweka saa za kucheza na kikomo cha matumizi ya fedha. Muda ukiisha unachagua kama imkumbushe tu au imtoe kabisa. Mimi nimechagua imkumbushe. Kumtoa ni kuchomoa waya kwa adabu.

Kuna mzazi atauliza kama mtoto wake amekuwa mraibu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Masharti si kulia ukisema zima. Ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya karibu kila kitu kingine, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12 hivi, kiasi cha kuvuruga masomo, familia na maisha yake. Ukiyaona hayo, hospitali ya Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kwenda si aibu. Kama unaona tu mtoto anayenuna, hesabu mechi kwanza.

Wanagombana wenyewe kwa wenyewe

Tofauti ya miaka mitano haitatuliwi na "muachie mwenzako." Mkubwa atashinda kila siku, mdogo atalia kila siku. Tulijaribu ule ujanja wa kumpa mdogo pedi isiyowashwa. Siku moja akaitazama taa yake, akasema taratibu, "Mama, hii haijawaka," na wiki nzima hakutuamini hata tukimwambia chakula tayari.

Dawa iko kwenye ukurasa wa kuchagua pande kabla ya mechi. Kila pedi inaonekana katikati, unaisukuma kushoto au kulia. Watu hawajui kwamba mnaweza kuzisukuma zote upande mmoja. Wote wawili timu moja, kompyuta upande wa pili. Siku ya kwanza walifungwa, wakalaumiana. Siku ya pili mkubwa akaanza kumwelekeza mdogo, "Subiri, subiri, sasa toa!" Nilikuwa nakuna nazi nikaacha.

Zipo pia gemu zilizotengenezwa kwa wawili tu, kama It Takes Two ya 2021, ambayo haichezeki peke yako hata ukitaka. Sharti moja kwetu: Simba na Yanga hazichaguliwi siku ambayo zimecheza kweli. Baba na mwanawe hawako upande mmoja, nami nataka kulala.

Anasinzia darasani, au nauli haifiki

Basi la shule linapita kwetu saa kumi na moja na robo alfajiri. Mtoto anayelala saa sita hawezi, hata umpe chai ya tangawizi. Mwalimu aliponipigia niliilaumu PS, nayo usiku ilikuwa imezimwa. Ilikuwa simu, chini ya shuka, mwanga umepunguzwa. Simu zote sasa zinachajiwa chumbani kwetu, ya baba ikiwemo, na hiyo ya baba ndiyo ilikuwa ngumu.

Nauli ikipotea na mtoto akarudi kwa miguu, viatu vyekundu kwa vumbi, angalia vibanda vya gemu kati ya shule na nyumbani. Kwetu mechi moja ni shilingi 500. Wangu alikuwa anakwenda huko katika zile siku tatu za ndoo ya unga. Nilimfungia mlango wa mbele akatokea wa uani.

Mchezaji anatembea mwenyewe

Siku ya nne niliitoa pedi, nikaifuta kwa khanga, nikaona imependeza. Kesho yake beki wa kitinda mimba akaanza kutembea kwenda kwenye kibendera cha kona, hajaguswa na mtu. Wakagombana nani kaivunja.

Kupima ni rahisi. Badilisha pedi. Beki akitulia, kosa ni la pedi. Kwanza iwashe upya kwa ndani: zima PS, nyuma ya pedi karibu na L2 kuna kitundu, chomeka pini sekunde chache, kisha iunganishe kwa waya na ubonyeze kitufe cha katikati. Angalia waya wenyewe, kwa kuwa kuna nyaya za kuchaji tu zisizopitisha data, na kwa hizo pedi itachaji vizuri lakini haitatambuliwa milele. Magemu mengine yana sehemu ya kuongeza eneo ambalo kijiti hakisomwi, nalo linaficha tatizo dogo.

Bado inavuta? Chini ya kila kijiti kuna vipande viwili vya kaboni na visugulio vinavyopita juu yake. Kimoja kinasoma kushoto na kulia, kingine juu na chini. Kaboni ikilika, au uchafu ukiingia, pedi inasoma kwamba umesukuma wakati hujagusa. Igeuze, dondosha spiriti kidogo pembeni ya kijiti, kizungushe mara nyingi, iache ikauke kabisa. Ikishindikana, sehemu nzima inabadilishwa, nayo imelehemiwa kwa pini nyingi, usijaribu kwa pasi ya kulehemu ya kuazima.

Nilimpelekea yuleyule kijana wa mende. Akaifungua, akapitisha kidole, akakisugua na gumba, akanusa.

"Mama, hii imepikiwa ugali?"

Sikumjibu. Wala nyumbani sikusema. Wanangu walikuwa wameshalaumiana siku mbili nzima, kila mmoja akiapa si yeye, mimi naosha vyombo. Niliwaambia usiku, baada ya kula. Wa kwanza alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akadai adhabu kama wanayopewa wao: siku tatu bila pedi.

Nilizitumikia. Mpya tukanunua, ile ya unga wakaniachia mimi. Kijiti cha kushoto bado kinavuta juu kidogo, na nikifungwa huwa nakitaja.